Mashine ya gemu ya mkononi na ya kwenye TV: teraflopsi peke yake zinatudanganya

#1 Chogo wa Tandika (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Jana nilikuwa kibandani nasubiri zamu, vijana wawili wakabishana nusura washikane mashati. Mmoja ana Steam Deck, mashine ya mkononi, aliyoletewa na kaka yake, mwenzake ana PS4 ya kwenye TV kwao. Wa PS4 akatoa simu, akasoma kwa sauti: "Yangu teraflopsi 1.84, yako 1.6. Kwisha habari." (Teraflopsi moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde, ndicho kipimo cha nguvu ya chipu ya grafiki.) Wa Deck akairudisha mashine begini kama mtu aliyefungwa tano bila. Zamu yangu ikawa imefika, nikashika pedi, nikanyamaza. Ila roho imenisuta, kwa sababu yule dogo hakushindwa. Alikosa tu wa kumsaidia hesabu.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2009 binamu yangu alirudi kutoka Muscat na PSP 3000, mashine ya mkononi ya Sony. Mtaani kwetu wakati huo mfalme ni PS2, mechi shilingi 200, TV ya chogo imefungiwa kwenye kimeza cha nondo isiibwe. Tulivyoishika ile PSP tulichanganyikiwa. Grand Theft Auto: Liberty City Stories tuliyokuwa tunaicheza kibandani ilikuwamo humo, mji uleule, pikipiki zilezile, kwenye kitu kinachoingia mfukoni. (Wengi hatukujua kwamba gemu ile ilitengenezwa kwa ajili ya PSP mwaka 2005, PS2 ikaja kupewa mwaka uliofuata. Sisi tuliona PSP ndiyo imeiga.) Basi tukapitisha azimio: PSP na PS2 nguvu sawa.

Mwenye banda hakubisha. Alimwambia binamu, "Lete waya."

Ukaletwa ule waya wa njano, nyekundu na nyeupe, ukachomekwa kwenye chogo. Picha ikatokea katikati ya kioo kama stempu kwenye bahasha, pembeni kote giza. Watu walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Binamu akachomoa waya, akaukunja taratibu, akaondoka bila kuaga.

Ilinichukua miaka kuelewa kile kiza cha pembeni. Kioo cha PSP ni 480 kwa 272, zidisha upate pikseli (vinukta vya picha) 130,560. Gemu nyingi za PS2 zilichora kwenye 640 kwa 448 hivi, yaani 286,720. Kwa hiyo PSP ilikuwa inapewa chini ya nusu ya eneo la kupaka rangi, na kwenye kioo cha inchi 4.3 macho hayaoni upungufu. Ukiipeleka kwenye TV, chenji inaonekana.

Na hata hiyo nguvu yake hatukupewa yote. Prosesa ya PSP ina uwezo wa mwendo wa megahezi 333, lakini Sony waliwafungia watengeneza gemu kwenye 222 tangu mashine itoke Desemba 2004, wakaja kulegeza 2007. Sababu ni betri. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina kati ya mkononi na mezani, wakuu: umeme na joto. Mengine yote yanafuata hapo.

PS5 ikiwa kwenye gemu nzito inakula kama wati 200. Kwa lugha ya LUKU, saa tano za kucheza ni uniti moja imekwenda. Steam Deck ile ya kwanza ya 2022 ina betri ya wati-saa 40 (yaani wati 40 kwa muda wa saa moja), na chipu yake haivuki wati 15. Sasa jaribu kuilisha PS5 kwa betri ile: 40 gawa kwa 200, saa ni dakika 60, unapata dakika 12. Unapanda mwendokasi Kimara, hujafika Magomeni imeshazima. Na hizo dakika 12 ungekuwa umeshika mkononi joto la balbu mbili zile za zamani za wati 100.

Kwa hiyo anayetengeneza mashine ya mkononi anaanza na bajeti ya wati, halafu anauliza: kwa wati hizi nichore pikseli ngapi?

Ushahidi mzuri kuliko wote ni Nintendo Switch ya 2017, kwa sababu ni mashine moja yenye maisha mawili. Ukiwa umeishika, kioo chake ni 1280 kwa 720, pikseli 921,600. Ukiichomeka kwenye kituo chake cha TV inaweza kutoa 1920 kwa 1080, pikseli 2,073,600. Hiyo ni mara 2.25. Angalia sasa chipu yake ya grafiki: mkononi inakimbia kwenye megahezi 307 au 384 kutegemea gemu, kwenye TV 768. Mara mbili hadi mbili na nusu! Kile kituo chenyewe hakina chipu yoyote ya kuongeza nguvu, kinapitisha umeme na picha tu. Nguvu ilikuwa ndani siku zote, imebanwa kwa ajili ya betri, na imebanwa karibu kwa kipimo kilekile cha pikseli zilizopungua.

Nirudi kwa dogo wa Deck. Kioo chake ni 1280 kwa 800, pikseli 1,024,000. Jamaa wa PS4 anacheza kwenye 1080, pikseli milioni mbili na ushee. Gaweni wenyewe: 1.6 kwa milioni moja, 1.84 kwa milioni mbili. Kila pikseli ya Deck inahudumiwa na nguvu karibu mara 1.8 ya pikseli ya PS4. Yule dogo alitakiwa amshike mwenzake mkono, amwoneshe kioo, halafu aseme "kwisha habari" yeye.

Nawasilisha.

#2 Nawahi Siti

Nimekaa mbele kabisa hapa. Mafundi waje.

#3 Pedi Bovu

Stempu kwenye bahasha, hahaha. Mimi nilikuwa na ile "gemu 400 ndani ya 1" ya Kariakoo. Nikaichomeka kwenye TV, gemu 390 zilikuwa ni ileile moja imebadilishwa rangi.

#4 Fundi Spana

Mleta uzi nakupongeza, stori imeshiba. Ila mimi nafungua hizi mashine kila siku hapa Mwenge, na hesabu yako imeruka vitu viwili vinavyouma.

Cha kwanza, prosesa kuu. Kugawa kwa pikseli kunafanya kazi kwenye chipu ya grafiki peke yake. Watu wanaotembea mjini, magari, akili za maadui, nani kagongwa na nani: hesabu hizo ni zilezile uwe unacheza kwenye kioo cha kiganja au kwenye ukuta wa ukumbi. Mpira wa miguu una wachezaji 22 hata kioo kikiwa kidogo kama kiberiti. Umetaja Switch, basi nimalizie ulipoachia: prosesa yake kuu inakimbia kwenye megahezi 1,020 mkononi, na 1,020 hiyohiyo kwenye TV. Hawakuigusa. Ingekuwa kila kitu kinapungua kwa pikseli wangeipunguza nayo, betri ikae zaidi. Hawakuweza, maana gemu ingebadilika mwendo kila unapochomoa.

Cha pili, memori. Tunaongelea chipu kila siku, barabara ya kufikia ghala hatuitaji. Chipu ya grafiki ni kama fremu za maduka Kariakoo, memori ndiyo ghala. Unaweza kuwa na wauzaji mia, kama mzigo unapita kwenye kichochoro cha mkokoteni mmoja, wauzaji watakaa wanapiga stori. PS4 inapitisha gigabaiti 176 kwa sekunde. Deck ni 88. Switch ya 2017 ni 25.6, tena ikiwa kwenye TV. Mkononi inashuka zaidi. PS5 ni 448. Na mapambo ya ukutani, ngozi za watu, matofali, hayo hayawi mepesi kwa uwiano wa pikseli kama ulivyogawa wewe.

Ndiyo maana gemu ya The Witcher 3 ilipoletwa Switch 2019 watu walishangaa imewezekana vipi. Iliwezekana kwa kukata: majani ya mbali yamenyolewa, ngozi za vitu zimefifishwa, na mkononi picha yenyewe inachorwa kwenye mistari 540 hivi halafu inavutwa ijaze kioo cha 720. Mkononi inapendeza, sikatai. Lakini hata pikseli zenyewe za kioo hazikujazwa. Hesabu yako inachukulia kwamba kioo kinajazwa chote kila wakati, na mara nyingi haiko hivyo.

Halafu dondoo dogo: teraflopsi ya chipu ya 2013 na ya 2022 hazibebi mzigo sawa. Muundo umebadilika, mpya inapata kazi nyingi zaidi kwa hesabu zilezile. Hapo nakusaidia wewe, maana Deck ndiyo mpya. Na prosesa kuu ya PS4 ilikuwa dhaifu tangu inatoka kiwandani, ya Deck inaiacha mbali. Kwa hiyo dogo wako anashinda kweli, ila si kwa njia uliyomtetea.

#5 Chogo wa Tandika

Fundi Spana, hapo umenishika pabaya, na la wachezaji 22 sina jibu. Nafuta "karibu mara 1.8" kama ushahidi, naacha kama makadirio ya upande wa rangi tu.

Ila nibaki na kipande changu kimoja. Mtu akiniambia PS5 ina teraflopsi 10.28 na Deck 1.6, kwa hiyo PS5 ni bora mara sita na nusu, bado nitamuuliza: unaangalia wapi? Maana 4K ni pikseli milioni 8.29, mara nane ya kioo cha Deck. Kazi nyingi ya PS5 inakwenda kujaza ukuta.

#6 Fundi Spana

Hilo sikupingi. Na PS5 yenyewe gemu nyingi haijazi hizo 4K, inachora pungufu halafu inakuza. Wote wanatapeli kidogo, tofauti ni ukubwa wa shati.

#7 Mtoto wa Pantoni

Mnasumbuka bure wakuu, PS5 ya mkononi ipo. Inaitwa PlayStation Portal, kioo cha inchi 8, 1080. Nguvu ileile ya nyumbani. Kuna jamaa kaniambia ananiuzia.

#8 Pedi Bovu

Mkuu usitoe hela! Subiri nikusimulie, mimi nimeshapigwa.

Portal ya 2023 haina PS5 ndani. Ni kioo kimebandikwa katikati ya pedi. PS5 yako inabaki nyumbani imewashwa inachora, halafu inakurushia picha kwa intaneti kama video. Sony wenyewe wanataka angalau megabiti 5 kwa sekunde, na wanashauri 15. Mimi muuzaji aliniambia "hii ndiyo PS5 ndogo", nikaibeba mpaka Kigamboni kwa shemeji, nikaiwasha sebuleni mbele ya watu wote. Ikaniomba niiunganishe na PS5. PS5 yenyewe sina. Shemeji akasema, "Kwa hiyo umenunua rimoti?"

Ukiwa na PS5 na intaneti ya waya nyumbani, ni kitu kizuri, na grafiki ni za PS5 kweli maana ndiyo inayochora. Ila usiilinganishe na Switch wala Deck. Zile zinapika zenyewe, hii inaletewa chakula.

#9 Mtoto wa Pantoni

Duh. Ahsante mkuu, kesho nilikuwa namtumia pesa.

#10 Fundi Spana

Ngoja niongeze la joto, maana nyie mnahesabu kama mnaishi Ulaya.

Nintendo wanasema Switch itumike kwenye nyuzi 5 hadi 35. Februari hapa Dar nje ni 32, 33. Ingia chumba cha bati saa nane mchana uone. Mashine ya kwenye TV ina feni kubwa na chuma kizito cha kusambaza joto, inavumilia, japo inanguruma kama jenereta. Ya mkononi ina feni ndogo kuliko sarafu mbili zikipangwa, na kitundu cha kutolea hewa ambacho mteja anakiziba kwa kidole au kwa kava la silikoni la elfu tano. Wiki iliyopita nimefungua moja kutoka Mbagala: vumbi limegeuka kama kipande cha blanketi, limekaa mbele ya feni, limebanana na unyevu wa chumvi ya baharini. Mwenyewe alilalamika "gemu zimekuwa nzito siku hizi." Gemu hazikuwa nzito. Chipu ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua, na fremu, yaani picha kwa sekunde, zinapungua. Nilitoa lile blanketi kwa kibanio, nikabadilisha dawa ya joto kwenye chipu, ikarudi kama mpya.

Kwa hiyo zile namba za kwenye boksi ni za siku ya kwanza, kwenye kiyoyozi.

#11 Mama Junior

Habari zenu kaka zangu. Nimewasoma wote, nusu nimeelewa. Mwanangu ana miaka 11, amefaulu vizuri na nilimwahidi. Anataka ya mkononi, dada yake anataka wacheze wote kwenye TV. TV yetu ni inchi 32 ya kawaida. Nimeambiwa kuna Switch 2 na ina 4K. Ninunue hiyo au ile ya zamani? Bei zake ni mbingu na ardhi.

#12 Chogo wa Tandika

Hongera kwa kijana, dada.

Switch 2 imetoka Juni 2025, ni mashine ya nguvu kweli. Waliofungua na kupima wanaiweka kwenye teraflopsi 1.7 hivi mkononi na 3 ikiwa kwenye TV, memori gigabaiti 12 wakati ya kwanza ilikuwa na 4. Ile 4K ni kwenye TV tu, na mara nyingi inachora picha ndogo halafu programu ya Nvidia inayoitwa DLSS inaikuza kwa kubahatisha kisomi. Inabahatisha vizuri, sisemi uongo. Ila TV ya inchi 32 ya kawaida haina 4K. Utalipia pikseli ambazo hazina pa kukaa, yaani stempu ya binamu yangu kwa upande wa pili.

Kwa watoto wawili na TV hiyo, Switch ya kwanza inatosha. Angalizo mbili. Usiuziwe Switch Lite, ile ndogo yenye pedi zilizogandana na kioo: haiunganishwi na TV kabisa, mtagombana nyumbani. La pili, kwa kuwa utanunua mtumba, igeuze mgongo usome maandishi madogo. Ikiandikwa HAC-001 peke yake ni ya 2017, betri yao wanasema saa 2.5 hadi 6.5. Ikiwa na mkia, HAC-001(-01), ni ya 2019: chipu imetengenezwa kwa ufundi mpya unaokula umeme kidogo, betri ni saa 4.5 hadi 9. Picha ni zilezile.

#13 Fundi Spana

Na uwashe gemu robo saa dukani, usikie feni. Ikikwaruza, acha.

#14 Mama Junior

Nipo dukani sasa hivi. Nimeigeuza, imeandikwa HAC-001 tu, mkia hakuna. Muuzaji anasema zote ni sawa.

#15 Chogo wa Tandika

Kwa picha hajakudanganya. Kwa chaji amekudanganya. Mwambie hiyo ni ya 2017, ashushe bei.

#16 Mama Junior

Nimemwambia. Amesema kama najua sana nifungue duka langu.

#17 Pedi Bovu

Hahaha! Huyo atakuwa ndiye aliyeniuzia rimoti.

#18 Mama Junior

Nimeshatoka, niko duka la tatu. Hii ina mkia. Nasikiliza feni.